Ramani Yenye Ukungu Inamficha Nani?

Haya ndugu zangu, leo naomba tuzungumze jambo ambalo ukilitaja mezani watu wanaangalia saa: aina ya faili. Ndiyo, JPEG, PNG, PDF na jamaa zao. Najua wengi mtasema hayo ni ya mafundi wa kompyuta, waandishi na wasomaji tuna mambo makubwa zaidi ya kujadili. Mimi nasema hapana. Linapokuja suala la ramani, kile kitufe cha mwisho anachobonyeza mtu kabla hajaenda kunywa chai ndicho kinachoamua nani ataweza kuisoma na nani ataishia kukodoa macho.

Sisi waandishi ni watu wa ajabu kidogo. Kwenye chumba cha habari tunaweza kubishana nusu saa kuhusu neno moja kwenye kichwa cha habari. Mhariri anakata sentensi, anarudisha, anakata tena. Halafu inaletwa ramani, imebanwa mpaka majina ya mitaa yamekuwa kama mistari ya sisimizi, na hakuna anayesema kitu. Inawekwa ukurasani, inapata maelezo ya mstari mmoja chini yake, gazeti linakwenda mtamboni. Ingekuwa habari ya maneno yasiyosomeka tungeitupa. Ramani isiyosomeka tunaiita "pambo la ukurasa".

Sasa hebu tuone pambo hilo linabeba nini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Mita 60. Kwa mkazi wa Dar es Salaam aliyejenga karibu na Mto Msimbazi, namba hiyo siyo ya kwenye vitabu. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 likaja zoezi la bomoabomoa, nyumba zikapakwa alama ya X kwa rangi nyekundu, matingatinga yakafuata. Kila aliyekuwa na nyumba pale alikuwa na swali moja tu: mimi niko ndani ya mstari au nje?

Kujibu swali hilo sawasawa kunahitaji vipimo vya uwanjani. Lakini kabla mpima hajafika, kitu cha kwanza ambacho mwananchi anakiona ni picha ya ramani. Imebandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, imewekwa gazetini, au imemfikia kwenye simu kupitia kundi la WhatsApp la majirani. Je, picha hiyo ina uwezo wa kuonyesha mita 60? Tupige hesabu, haina ugumu.

Chukua ramani inayoonyesha eneo lenye upana wa kilomita 12, ambayo imetolewa kwenye programu kama picha yenye upana wa pikseli 1,200. Upana huo si wa ajabu, picha nyingi za tovuti zinacheza humo humo. Kilomita 12 ni mita 12,000. Gawanya kwa 1,200. Pikseli moja inabeba mita 10. Ukanda wote wa mita 60, wenye nyumba, vyoo, vibanda vya mama ntilie na maisha ya watu, una upana wa pikseli 6. Nyumba ya kawaida ni kijinukta kimoja. Ukitia mstari mwekundu wenye unene wa pikseli 3, mstari peke yake umeshafunika mita 30. Yaani nusu ya ukanda wa sheria imeliwa na wino.

Subiri, hatujafika kwenye JPEG bado.

JPEG ni fomati ya mwaka 1992, na kirefu chake kinataja wataalamu wa picha za fotografia. Ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera: nyuso za watu, mawingu, majani, maji. Inafanya kazi kwa kuigawa picha kwenye viboksi vidogo vya pikseli 8 kwa 8, halafu ndani ya kila kiboksi inatupa yale mabadiliko madogo ambayo jicho la mwanadamu halitayakosa sana. Kwenye rangi inabana zaidi, maana mara nyingi rangi zinapunguzwa kwanza, hivyo kiboksi kimoja cha rangi kinafunika pikseli 16 kwa 16 za picha halisi. Kwa picha ya bibi harusi huo ni ufundi mzuri mno. Ngozi inabaki ngozi, shela inabaki shela, faili linakuwa dogo.

Ramani siyo ngozi. Ramani ni mistari myembamba, herufi ndogo na mabaka ya rangi yenye ukingo mkali: bluu inaishia hapa, nyekundu inaanzia hapa. Ukingo huo ndio habari yenyewe! Na ukingo mkali ndicho kitu ambacho JPEG inahangaika nacho kuliko vyote. Ukibana sana, herufi zinazungukwa na vumbi la pikseli, na rangi ya eneo moja inavuja kwenye eneo la jirani. Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Kama pikseli moja ni mita 10, kiboksi kimoja cha JPEG ni mita 80 kwa 80, na kiboksi cha rangi kinaweza kuwa mita 160. Ukanda wa mita 60 ni mwembamba kuliko kiboksi kimoja cha kubania picha! Unamwambia mtu "angalia kama uko kwenye eneo jekundu" wakati wekundu wenyewe umevuja mpaka nyumba ya tatu.

Na kila mara mtu anapoifungua hiyo JPEG, akaikata kidogo, akaihifadhi tena kama JPEG, ubanaji unafanyika upya juu ya ule wa kwanza. Ofisi imetoa, mwandishi kapunguza, msanifu kurasa kakata pembeni, msomaji kapiga picha ya skrini na kuituma. Ikifika kwa bibi yake Kigogo, ramani imekuwa uji.

Dawa ya sehemu kubwa ya ugonjwa huu iko kwenye orodha ile ile ya kuchagua, mstari mmoja juu au chini: PNG. Hii ilizaliwa kwa hasira, na napenda kisa chake. Kabla yake watu walitumia GIF, ya mwaka 1987, ambayo mwisho wake ni rangi 256. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia GIF watatakiwa kulipia hataza ya njia yake ya kubana. Watu wa intaneti wakachukia, wakakaa wakabuni fomati yao isiyo na malipo, na toleo lake la kwanza likatoka 1996. PNG inabana bila kutupa kitu. Ukiihifadhi mara mia, pikseli ya mia ni ile ile ya kwanza. Ukingo mkali unabaki mkali.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Watu wanadhani JPEG daima ni ndogo na PNG daima ni kubwa. Kwa fotografia ni kweli. Kwa ramani ya kawaida yenye rangi chache zilizolala bapa, PNG mara nyingi inashindana na JPEG nzuri kwa udogo, na wakati mwingine inaishinda, kwa sababu eneo kubwa la rangi moja linabanika kirahisi. Ukiiambia programu itumie rangi 256 tu, ambazo kwa ramani ya mitaa, mito na barabara kwa kawaida zinatosha, faili linapungua zaidi. Kwa hiyo ile hoja ya "tumeweka JPEG ili wananchi wasimalize bando" mara nyingi haina miguu.

JPEG ina mahali pake kwenye ramani pia, nisiionee. Kama chini ya mistari yako umeweka picha ya setilaiti au ya ndege isiyo na rubani, hiyo ni fotografia, na PNG yake itakuwa kubwa mno. Hapo tumia JPEG kwa ubora wa juu, kuanzia 90 hivi, na usiibane mara mbili. Lakini usichukue ramani ya mistari ukaitendea kama picha ya harusi.

Mpaka hapa tumezungumzia picha za pikseli, ambazo mafundi wanaziita rasta (siyo zile za kichwani). Kuna ukoo wa pili, nao unaitwa vekta. Faili la vekta halihifadhi nukta za rangi. Linahifadhi maelekezo: chora mstari kutoka hapa mpaka pale, andika neno hili mahali hapa. Ndiyo maana ukiivuta karibu haichubuki. Mstari unachorwa upya kila unapoikuza. SVG, iliyoidhinishwa kuwa kiwango cha wavuti mwaka 2001, ni vekta. PDF, ambayo sote tunaifahamu kwa barua na fomu za maombi, inaweza kubeba vekta pia.

Faida ya PDF ya vekta ambayo mimi naiona ni kubwa kuliko zote haihusu urembo. Kama maandishi yameachwa yakiwa maandishi, mtu anaweza kuandika "Mkwajuni" kwenye kisanduku cha kutafutia na ramani ikampeleka mpaka Mkwajuni. Fikiria ramani ya kata nzima yenye mamia ya majina, na mzee aliyepewa simu na mjukuu wake. Kati ya kutafuta kwa jicho na kutafuta kwa kuandika kuna tofauti ya kukata tamaa na kupata jibu.

Mtego upo. Siyo kila PDF ni vekta. Mtu anaweza kuchukua ile JPEG ya ukungu, akaitia ndani ya PDF, akaipa jina zuri na mhuri. Huko ni kumvalisha mbuzi suti. Kipimo chake ni rahisi: ikuze mpaka asilimia 800. Herufi zikibaki na ukingo safi, umepewa vekta. Zikigeuka ngazi za matofali, umepewa picha iliyofungwa kwenye bahasha. Kwa wanaotengeneza kwa QGIS, programu ya bure ambayo vijana wengi wa ramani wanaitumia, angalieni sana matabaka yenye uwazi na michanganyiko ya rangi, maana yanaweza kuifanya programu igeuze sehemu ya ukurasa kuwa pikseli bila kukuuliza. Na kwenye dirisha la kutoa PDF kuna chaguo la maandishi: kuyageuza michoro au kuyaacha maandishi. Ukiyageuza, sura inabaki salama kwenye kila kompyuta, lakini utafutaji unakufa. Kwa ramani ya umma, mimi nayaacha maandishi.

Sasa tuje kwenye lile neno linalochanganya watu kuliko yote: dpi, yaani nukta kwa kila inchi. Utasikia "tuletee ramani ya dpi 300", na mtu anachukua picha yake yenye upana wa pikseli 800, anafungua programu, anaandika 300 kwenye kisanduku, anatuma. Amefanya nini? Hajafanya kitu. Pikseli bado ni 800. Alichobadilisha ni lebo. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, itatoka na upana wa sentimita 6.8, ukubwa wa kibiriti na nusu. Ukiitanua ijaze ukurasa, ukungu unarudi pale pale.

Kinachohesabika ni pikseli. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 inataka pikseli 2,480 kwa 3,508. A3 inataka 3,508 kwa 4,961. A0, lile bango la ukutani, ingetaka pikseli 9,933 kwa 14,043, karibu milioni 140, na kabla ya kubanwa hiyo ni zaidi ya megabaiti 400. Hapo busara inaingia. Bango linasomwa na mtu aliyesimama, mara nyingi dpi 150 inatosha, na uzito unashuka mpaka robo. Karatasi ya gazeti nayo inanyonya wino, haiwezi kushika nukta ndogo kama karatasi ya jarida, kwa hiyo picha ya dpi 200 kwa ukubwa wake halisi wa ukurasani kwa kawaida inatosha. Kuongeza juu ya hapo ni kuwabebesha watu mzigo usiolipa.

Angalia pia herufi. Herufi za ukubwa wa pointi 6, ambazo ndizo ndogo unazoweza kumpa binadamu bila kumtukana, kwa dpi 300 zinapata kimo cha pikseli 25. Kwa dpi 72 zinapata pikseli 6, na ndani ya hizo sita lazima ienee "g" yenye mkia. Ndiyo maana Kigogo inasomeka kama Kipopo.

Kwa hiyo ukiniuliza "nitoe kwa ukubwa gani?", sitakupa namba. Nitakuuliza: kitu kidogo kabisa ambacho msomaji wako anatakiwa akione ni kipi? Kama ni nyumba yenye upana wa mita 6, na unataka ipate angalau pikseli 6 ili ionekane kama nyumba, basi pikseli moja isizidi mita moja. Mtaa wenye upana wa kilomita 1.2 utataka pikseli 1,200. Kata yenye upana wa kilomita 3 itataka 3,000. Na kama ni bonde zima la kilomita 12, picha moja haitafaa. Toa ramani kumi za mitaa badala ya moja ya bonde. Hesabu inaanzia kwenye nyumba ya mtu, inapanda. Wengi wetu tunaanzia kwenye upana wa safu ya tovuti, tunashuka, na tukifika chini nyumba imeshapotea.

Hapa lazima niseme jambo dhidi ya hoja yangu mwenyewe, maana kuna hatari ya upande wa pili. Ramani kali siyo lazima iwe ramani ya kweli.

Ramani za msingi za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 ni kazi nzuri, lakini ziliandaliwa kwa kipimo hicho. Kwenye 1:50,000, mita 60 ni milimita 1.2 za karatasi. Mstari wa mto wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25 za ardhi. Ukiuchukua mstari huo, ukautoa kama vekta safi, ukaukuza juu ya picha ya nyumba, utaona mto umepita sebuleni kwa mtu kwa ukali wa wembe. Ukali huo ni wa programu, hautoki ardhini. Hali kadhalika data za mwinuko zenye chembe za mita 30, ambazo hutumika sana kukadiria maji yatafika wapi. Kompyuta inaweza kulainisha ukingo wa mafuriko ukapendeza kama umechorwa kwa mkono, lakini chini yake kila jibu limetolewa kwa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Kuitoa kwa dpi 600 hakuongezi ujuzi hata wa sentimita moja.

Kwa hiyo pikseli zako zifuate uwezo wa chanzo chako. Kama chanzo ni cha mita 30, usimpe mtu ramani inayomfanya ahesabu mita 2. Iandike juu ya ramani yenyewe, kwa herufi zinazosomeka: chanzo ni kipi, cha mwaka gani, kilitengenezwa kwa kipimo gani. Na ukiandika kipimo, usitegemee maneno "1:5,000" peke yake. Picha ikishapunguzwa kuingia kwenye simu, maneno hayo yanakuwa uongo hapo hapo. Chora mstari wa kipimo, ule wenye mita 0, 100, 200. Picha ikisinyaa, mstari nao unasinyaa pamoja nayo, na unabaki mkweli.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu najua jasho lililoko nyuma ya ramani nzuri. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao wenyewe kwenye OpenStreetMap kupitia mradi wa Map Kibera. Dar es Salaam, kuanzia 2015, Ramani Huria iliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi, wakatembea kata kwa kata wakiweka kwenye ramani nyumba, mitaro, vichochoro na sehemu ambazo maji hutuama. Mtu kavuka mtaro wa maji machafu ili mtaro huo uonekane kama mstari mwembamba wa bluu. Kisha anakuja mtu ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka, anachagua JPEG ya pikseli 600, na mtaro unatoweka. Hakuufuta kwa nia mbaya. Lakini umefutika, na mwenyekiti wa mtaa anayetaka kuonyesha kwamba mtaro umeziba hana cha kuonyesha.

Nimeshasikia utetezi wa aina mbili. Wa kwanza: mafaili makubwa yanawaumiza watu wa bando dogo. Huu ni utetezi wa haki, nauheshimu. PDF ya megabaiti 40 kwa mtu mwenye intaneti ya kusuasua ni mlango uliofungwa, hata kama ndani yake kuna kila kitu. Jibu lake siyo kumpa kila mtu ukungu. Toa mbili. Moja ya PNG, ya mtaa mmoja, nyepesi, ya kuangalia kwenye simu. Nyingine PDF ya vekta, ya kuprinti na kutafuta. Andika uzito wa kila moja pembeni ili mtu achague kabla hajabonyeza. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama nyaraka, siyo kama picha. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaipunguza na kuibana yenyewe. Ukiituma kama nyaraka inafika kama ulivyoitoa. Ni vitufe viwili vilivyokaa jirani, tofauti yake ni nyumba ya mtu.

Utetezi wa pili ndio unaonikera: eti tukitoa ramani safi, watu wataichezea au wataitumia kutubishia. Kuhusu kuchezea, JPEG ya ukungu ndiyo rahisi zaidi kuchezea. Anayeongeza mstari wake juu ya ukungu nani atamgundua? Kinga ya kuchezewa ni kuweka nakala halisi mahali pa wazi, yenye tarehe na jina la aliyeitoa, ili kila mwenye shaka aende akalinganishe. Na kuhusu kubishiwa, samahani, kubishiwa ndiyo kazi ya ramani ya umma. Mstari ambao mwananchi hawezi kuuona vizuri ni mstari ambao hawezi kuupinga. Siwezi kujua nia iliyoko moyoni mwa aliyetoa ukungu, na wala sihitaji kuijua. Matokeo ni yale yale: mwenye ofisi ana faili halisi anaona kila kona, mwenye nyumba ana uji. Wakikutana kwenye kikao, mmoja anaongea na mwingine anasikiliza.

Basi maombi yangu ni mafupi. Kwa ofisi za umma: tangazo lolote lenye mstari unaogusa makazi ya watu lisitoke bila ramani inayoonyesha nyumba moja moja, na data zake zipatikane kwa anayezitaka. Kwa wahariri: mkiletewa ramani, ikuzeni kwa ukubwa wa ukurasani, jaribuni kusoma jina dogo kuliko yote. Msipoweza, msomaji naye hataweza. Irudisheni kama mnavyorudisha habari isiyo na chanzo. Kwa waandishi wenzangu: tuache kupiga picha ya skrini. Tovuti ya OpenStreetMap yenyewe ina kitufe cha kushiriki kinachotoa PNG, SVG na PDF, bure, ilimradi tu uwataje wachangiaji wake. Na kama ofisi imekupa ukungu, uliza faili halisi. Wakikataa, hiyo nayo ni habari, iandike.

Na wewe msomaji uliyesoma mpaka hapa, una kompyuta, una bando, pengine una shahada. Siku utakapopokea ramani isiyosomeka kwenye kundi la familia, usiisambaze kwa wengine saba ukiwa na wasiwasi. Rudi kwa aliyeituma, muulize: nakala yake halisi iko wapi, chanzo ni nini, ni ya mwaka gani? Yule shangazi wa Hananasif hatajua maswali ya kuuliza kuhusu pikseli. Wewe sasa unayajua, muulizie.